Bandari ya Mtwara: Fedha za Gati na Mzigo wa Mkulima

(Somo la historia lililosomwa katika redio kwa ajili ya madarasa ya elimu ya watu wazima. Lisomwe kwa sauti darasani, kisha yajadiliwe maswali yaliyo mwishoni.)

 

Katika darasa moja nililolitembelea kule kusini, alikuwapo bibi mmoja aliyekuwa bado anajifunza kuandika jina lake. Nilipomaliza kuzungumza alinyoosha mkono, akasema: "Mwanangu, nasikia Serikali imetia fedha nyingi baharini, imejenga gati. Mimi nina mikorosho yangu michache. Sina meli. Fedha zile ni za nani, na mimi zitanifaa nini?"

Nilimjibu kwa haraka haraka, kwa kuwa muda ulikuwa umekwisha. Lakini njiani nikaona kwamba sikumjibu vizuri. Swali lake ni kubwa, nalo lina historia ndefu. Leo nataka nilijibu sawasawa, na ninyi mnaosoma mnisaidie kupima kama jibu langu linatosha.

1. Lango la nchi

Bandari ni lango. Kwa lango hilo vitu vya shambani hutoka kwenda kuuzwa, na vitu vya dukani huingia. Lakini si kila ufuko ni bandari. Meli kubwa huhitaji maji yenye kina, na mahali palipokingwa na mawimbi. Tena huhitaji gati, yaani ukuta imara uliojengwa kando ya maji, ili meli ije ubavuni na kufungwa kamba.

Pasipo na gati meli hutia nanga mbali. Mzigo hupakiwa katika matishari, yaani mashua pana zisizo na injini zinazovutwa na mashua nyingine. Halafu hupandishwa melini kwa winchi. Hivyo gunia moja huinuliwa mara mbili au tatu, na kila linapoinuliwa mtu hulipwa. Malipo hayo yote hupunguza bei ya gunia. Kumbukeni neno hili, tutalirudia.

2. Ghuba kabla ya gati

Zamani mji mkuu wa pwani ile haukuwa Mtwara bali Mikindani. Majahazi yalifika hapo kwa pepo za kaskazi na kusi, yakachukua pembe za ndovu na bidhaa nyingine, na kwa huzuni yetu yakachukua watu pia, katika biashara ya utumwa. Mwaka 1866 msafiri David Livingstone alianzia hapo safari yake ya mwisho ya bara. Wajerumani walipotawala, na Waingereza baada yao, mji wa Lindi ndio uliokuwa mkubwa wa jimbo la kusini.

Lakini ghuba ya Mtwara ilikuwa na kitu ambacho miji ile miwili haikuwa nacho. Mlango wake ni mwembamba, rasi ya Msangamkuu huikinga na bahari kubwa, na ndani maji yake ni ya kina kirefu. Mungu alikuwa amekwisha kufanya nusu ya kazi. Iliyobaki ilikuwa kazi ya fedha. Fedha hizo zilikuja kwa sababu ambayo mkulima wa Newala au Masasi hakuulizwa habari zake.

3. Mpango wa Karanga

Vita Kuu ya Pili ilipokwisha mwaka 1945, Uingereza ilikuwa na njaa ya mafuta ya kula. Siagi na mafuta ya kupikia yaligawanywa kwa kadi. Mwaka 1946 Bwana Frank Samuel, mkubwa wa kampuni ya biashara iitwayo United Africa Company, alitoa shauri kwamba karanga zilimwe kwa mashine katika Afrika Mashariki. Serikali ya Uingereza ilipendezwa. Ikatuma wajumbe watatu wakiongozwa na Bwana John Wakefield, aliyekuwa mkuu wa kilimo Tanganyika. Walizunguka kwa wiki tisa tu, mahali pengi wakitazama nchi kutoka katika ndege, kisha wakaandika taarifa yao.

Mpango wao ulikuwa mkubwa mno. Mashamba 107, kila moja ekari 30,000. Jumla yake ni zaidi ya ekari milioni 3. Mashamba 80 yangekuwa Tanganyika, na kati ya hayo 55 katika Jimbo la Kusini, upande wa Nachingwea. Fedha zilizotajwa ziliikaribia paundi milioni 25.

Hapo ndipo bandari inapoingia katika hadithi. Kama karanga za mashamba 55 zingevunwa, zingetoka kwa njia gani? Lindi maji yake ni haba kwa meli kubwa. Bandari ya Dar es Salaam iko mbali, nayo ilikuwa imekwisha kuzidiwa na mitambo ya mpango huohuo. Tena mwezi Septemba 1947 makuli wa Dar es Salaam waligoma kwa ajili ya mishahara midogo, na mgomo wao ukaenea nchini. Basi ikaamuliwa kwamba Mtwara ijengwe bandari mpya ya maji ya kina, mji mpya uliopimwa kwa barabara pana, na reli mpya ya kwenda bara. Mwaka 1949 reli ya kutoka upande wa Lindi ilikuwa imefika Nachingwea. Baadaye iliunganishwa na Mtwara.

Angalieni utaratibu wenyewe. Gati na reli vilianza kujengwa kabla karanga hazijaonekana. Watu waliziamini hesabu za karatasi.

4. Gati bila mzigo

Karanga hazikupatikana. Kule Kongwa mvua ilikosa, na ardhi ikawa ngumu kama saruji wakati wa kiangazi. Matrekta mengi yalikuwa mabaki ya vita, nayo yaliharibika upesi. Mwaka wa kwanza walikusudia kulima ekari 150,000, lakini zilizopandwa zilikuwa kama 7,500 tu. Wenyeji walioijua mvua ya kwao na udongo wa kwao hawakuketishwa katika baraza la shauri.

Mwezi Januari 1951 Serikali ya Uingereza ilitangaza kwamba mpango ule mkubwa umekwisha. Paundi zaidi ya milioni 36 zilifutwa katika vitabu. Neno "kufutwa" katika hesabu maana yake ni kukubali kwamba fedha zimepotea na hazitarudi. Aliyepata hasara hiyo ni mlipa kodi wa Uingereza, si Waziri, wala si wale wajumbe watatu.

Lakini bandari haifutwi kwa kalamu. Ujenzi ulikuwa umefika mbali, ukaendelea. Mwaka 1954 gati la Mtwara lilifunguliwa, lenye urefu wa mita 385, meli mbili kubwa zikiweza kufungwa kwa wakati mmoja. Lilikuwa gati zuri. Lililokosekana ni mzigo. Reli nayo ilipita katika pori na mabehewa matupu, ikala hasara mwaka hata mwaka. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 ilifungwa, na vyuma vyake viking'olewa. Mpaka leo wazee wa njia ile wanaweza kukuonyesha mahali tuta la reli lilipopita.

Funzo la kwanza ni hili: Gati halizai mzigo. Shamba ndilo lizaalo mzigo. Serikali ikijenga lango mahali pasipo na nyumba, itakuwa imejenga lango tu.

5. Korosho na barabara

Je, fedha zile za gati zilipotea zote? Hapana, na hapa historia inatufundisha tusiharakishe kuhukumu. Karanga za matrekta zilishindwa, lakini wakulima wadogo wenye majembe ya mkono walikuwa wakipanda mikorosho. Hakuna Waziri aliyewatangazia mpango wa mamilioni. Walipanda polepole, mti mmoja baada ya mwingine, katika nchi ya Wamakonde, Wamakua, Wayao na Wamwera. Baada ya Uhuru korosho ziliongezeka sana, na katika msimu wa 1973/74 nchi nzima ilitoa tani zipatazo 145,000. Hapo gati lililojengwa kwa ajili ya karanga likapata mzigo usiotazamiwa na waliolijenga.

Halafu mambo yakageuka. Mavuno ya korosho yalishuka sana katika miaka iliyofuata, na bandari ikarudi kusinzia. Wenye kuimiliki nao walibadilika. Mwanzoni ilikuwa chini ya shirika la Reli na Bandari za Afrika Mashariki. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, Tanzania iliunda mamlaka yake ya bandari, na tangu mwaka 2005 kazi hiyo iko chini ya Mamlaka ya Usimamizi wa Bandari Tanzania.

Mwaka 2003 daraja la Mkapa juu ya mto Rufiji lilifunguliwa, na sehemu za lami zikaongezwa hatua kwa hatua. Kila mtu wa kusini alifurahi, na ilikuwa haki yake kufurahi. Lakini barabara njema ilimpa mnunuzi wa korosho njia ya pili. Badala ya kungoja meli Mtwara, aliweza kupakia lori na kwenda zaidi ya kilometa 500 hadi Dar es Salaam, mahali ambapo meli hazikosekani.

Ikawa kama kesi ya kuku na yai. Wenye meli walisema: "Hatuji Mtwara, mzigo ni mchache." Wenye mzigo walisema: "Hatuleti Mtwara, meli ni chache." Kila mmoja alikuwa na haki, na gati likabaki tupu.

6. Serikali inapoingia, fedha hutoka wapi?

Mwezi Machi 1917 ungesema ni zamani, lakini jambo ninalotaka kulieleza ni la juzi tu: ni mwezi Machi 2017. Mwezi huo Rais John Magufuli aliweka jiwe la msingi la gati jipya la Mtwara, lenye urefu wa mita 300. Mkataba wake ulizidi shilingi bilioni 130, na kazi ilifanywa na makandarasi kutoka China. Safari hii haikuwa Serikali ya Uingereza. Ilikuwa Serikali yetu wenyewe, kwa mkono wa mamlaka ya bandari.

Tusimame hapa kidogo, maana ndipo lilipo swali la bibi: Fedha hizo ni za nani? Serikali inaweza kusaidia bandari kwa njia tatu.

Njia ya kwanza ni kutoa fedha za ndani. Fedha hizo ni za hazina, yaani kodi zetu, au ni mapato ya bandari yenyewe. Meli ikifika hulipa ada ya kufunga gati, na mwenye mzigo hulipa ada ya kupitisha na kuhifadhi. Msichanganye ada hizo na ushuru wa forodha. Ushuru wa forodha huenda hazina kuu, lakini ada ya bandari huendesha bandari.

Njia ya pili ni mkopo. Bandari ya Dar es Salaam ilipopanuliwa, Benki ya Dunia ilikubali mwaka 2017 kuikopesha Tanzania dola milioni 345. Mkopo una riba. Tufanye hesabu ndogo ubaoni. Ukikopa shilingi 100,000 kwa riba ya 5 kwa kila 100 kwa mwaka, kila mwaka utalipa riba ya shilingi 5,000. Ukikaa miaka 20 bila kupunguza deni lenyewe, utakuwa umelipa riba shilingi 100,000, na deni la shilingi 100,000 bado liko palepale. Kwa hiyo mkopo wa bandari hupimwa kwa swali moja: Je, mzigo utakaopita utaleta fedha upesi kuliko riba inavyokula?

Njia ya tatu ni dhamana. Serikali haitoi fedha, bali humwambia mkopeshaji: "Mkopeshe huyu. Akishindwa, nitalipa mimi." Dhamana ni nyepesi siku ya kutia sahihi. Huwa nzito siku mdhaminiwa anaposhindwa. Kila aliyewahi kumdhamini ndugu yake katika chama cha kuweka na kukopa anajua jambo hili bila kufundishwa na redio.

Katika njia zote tatu, mlipaji wa mwisho ni yuleyule. Bibi, fedha zile ni zako. Uliponunua sukari, sabuni na vocha ya simu, ulilipa kodi. Hukupewa risiti iliyoandikwa "gati la Mtwara", lakini umo ndani yake.

7. Mzigo umefika, na mambo yake

Je, safari hii nyumba iko nyuma ya lango? Tuangalie. Mwaka 2015 kiwanda kikubwa cha saruji cha Dangote kilifunguliwa Mtwara. Barabara ya lami ilifunguliwa kupitia Masasi, Tunduru na Songea kuelekea Mbamba Bay, pwani ya Ziwa Nyasa. Makaa ya mawe ya mkoa wa Ruvuma yakaanza kuteremka kwa malori hadi Mtwara. Mwaka 2022, vita vya Ukraine vilipopandisha bei ya nishati duniani, meli za makaa zikaongezeka. Bandari iliyozoea kuhesabu mzigo wake kwa maelfu ya tani, ikapitisha zaidi ya tani milioni 1 kwa mwaka.

Halafu mwaka 2023 Serikali iliagiza korosho za mikoa ya kusini zisafirishwe kupitia Mtwara. Hiyo nayo ni namna ya kusaidia bandari: si kwa fedha, bali kwa amri. Nia yake ilikuwa kukata ile kesi ya kuku na yai. Mzigo ukiwa na hakika, meli zitakuja.

Lakini yatupasa kusema na upande wa pili. Makaa ya mawe hutoa vumbi jeusi, na watu wanaoishi karibu hawakulipenda. Tena korosho ni chakula, hazipendi kukaa jirani na makaa. Kwa sababu hiyo Serikali ilipanga bandari nyingine pembeni, huko Kisiwa Mgao, kwa ajili ya mizigo michafu. Malori mazito nayo huchosha barabara, na barabara hutengenezwa kwa fedha zilezile za hazina. Pia makaa ni mzigo wa bei ya dunia. Bei ikipanda meli hupanga foleni, bei ikishuka meli huondoka. Bandari inayotegemea mzigo wa namna moja ni kama mtu anayesimama kwa mguu mmoja.

8. Jibu kwa bibi

Sasa nirudi kwa yule bibi. Aliuliza mambo mawili. La kwanza tumelijibu: fedha ni zake na zetu.

La pili, zitamfaa nini? Korosho zake huenda katika ghala la chama cha ushirika, kisha huuzwa kwa mnada. Mnunuzi anapoandika bei yake, kwanza hujiuliza: Gunia hili litanigharimu kiasi gani mpaka liingie melini? Akiona safari ndefu ya lori, hupunguza hiyo gharama katika bei anayompa mkulima. Akiona gati lipo karibu, na meli ipo, na makasha yapo, anaweza kuongeza bei. Hapo ndipo gati linapofika katika mfuko wa bibi.

Lakini nimesema "anaweza". Sikusema "ataongeza". Hakuna sheria inayomlazimisha mnunuzi kugawa faida ya safari fupi. Kama wanunuzi ni wachache na wamekwisha kupatana pembeni, faida hiyo itabaki kwao. Kama meli zimechelewa na korosho zikangoja ghalani, hasara itarudi shambani. Kwa hiyo kujenga gati ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni mnada wenye ushindani, chama chenye hesabu wazi, na mkulima awezaye kusoma karatasi ya malipo.

Na hii ndiyo sababu ninyi mko darasani. Mwaka 1947 hesabu za karanga ziliandikwa na watu wa mbali, na watu wa karibu hawakuzisoma. Leo karatasi ya malipo ya korosho huandika bei ya mnada, huandika makato, na huandika kinachobaki. Anayejua kusoma mistari hiyo mitatu anaweza kuuliza katika mkutano: "Mwaka jana mzigo wetu ulikwenda Dar es Salaam, mwaka huu umepitia hapa Mtwara. Gharama ya safari imepungua kiasi gani, na imekwenda wapi?"

Bibi, swali hilo una haki ya kuliuliza. Ulilipia gati. Kwaherini, mpaka somo lijalo.

Maneno ya kukumbuka

Gati: ukuta wa kando ya maji ambapo meli hufungwa.
Tishari: mashua pana ya kuchukua mzigo kati ya meli na ufuko.
Shehena: mzigo wa meli.
Riba: malipo ya ziada juu ya fedha zilizokopwa.
Dhamana: ahadi ya kulipa deni la mtu mwingine akishindwa.
Kufuta deni: kukubali katika hesabu kwamba fedha hazitarudi.

Maswali ya kujadiliana darasani

1. Kwa nini gati la Mtwara lilifunguliwa mwaka 1954 hali Mpango wa Karanga ulikwisha mwaka 1951?
2. Ni mzigo gani uliokuja kulitumia gati hilo baadaye, na nani aliyeuzalisha?
3. Ukikopa shilingi 200,000 kwa riba ya 5 kwa kila 100 kwa mwaka, utalipa riba kiasi gani kwa miaka 3 bila kupunguza deni?
4. Barabara njema iliwezaje kupunguza mzigo wa bandari? Je, lilikuwa jambo baya?
5. Leteni darasani karatasi moja ya malipo ya mazao. Someni pamoja makato yote. Ni lipi kati yake linahusu usafiri?